Steringi ni msichana: Nawi wa Dahomey, Nawi wa Turkana

STERINGI hafi. Yeyote aliyekulia kwenye kibanda cha video anaijua sheria hii. Risasi zitampita, gari litalipuka nyuma yake, ataning'inia kwenye ukingo wa ghorofa kwa kidole kimoja, lakini mwisho wa muvi atasimama, ajipanguse vumbi na kuondoka polepole kama mtu aliyetoka dukani kununua maziwa. Atakayelala ni mbaya wake.

Kwa miaka mingi steringi huyo alikuwa mwanamume. Tulilelewa na Schwarzenegger, Stallone, Van Damme na Jet Li. Msichana kwenye muvi alikuwa wa kutekwa nyara, wa kupiga mayowe, ama wa kubusiwa dakika ya mwisho huku watoto wakiambiwa wafumbe macho.

Mambo yamegeuka. Mwaka wa 2017 Wonder Woman alivuka uwanja wa vita akiwa na ngao yake, wanaume wakimfuata nyuma. Mwaka uliofuata walinzi wa kike wa Wakanda walitushangaza katika Black Panther. Captain Marvel akaja 2019, halafu 2022 Viola Davis akapaka mwili mafuta, akashika panga na kuongoza jeshi la wanawake katika The Woman King. Siku hizi ukisikia kibanda kizima kikishangilia, huenda anayepiga watu ni dada.

Sasa swali. Msichana wa Lodwar, ama yule wa Kakuma, akizitazama muvi hizi anajiona wapi? Nauliza kwa sababu Turkana imo ndani ya hadithi hizi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Wakanda ni jirani

Tuanze na ramani. Katika kitabu cha ramani cha Marvel, Wakanda imewekwa kando ya Ziwa Turkana, pale ambapo Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini zinakaribiana. Ramani inayoonekana katika Captain America: Civil War ya 2016 inaielekeza hapo hapo. Kwa hivyo ukiwa Lodwar, kwenda Wakanda hakuhitaji ndege. Panda gari la Kalokol, ushuke ziwani, kisha uwaulize wavuvi njia.

Halafu kuna mavazi. Ruth Carter, mbunifu wa mavazi ya Black Panther, alichota kutoka kwa jamii nyingi za Afrika, na miongoni mwazo ni Waturkana, Wamaasai na Wadinka. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Oscar mwaka wa 2019, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda katika kitengo cha mavazi. Hebu fikiria hilo ukiwa Kakuma, ambako Waturkana na Wadinka hukutana sokoni kila siku. Jamii mbili ambazo magazeti huzitaja mara nyingi zinapogombania kuni na maji, ziliingia pamoja Hollywood zikiwa kielelezo cha umaridadi.

Tukija kwa waigizaji, Nakia alichezwa na Lupita Nyong'o wetu. Februari 2018 filamu hiyo ilizinduliwa Kisumu, mji ambao babake alikuwa gavana wa kaunti yake, na wenye tiketi walitokea wakiwa wamevalia kana kwamba wamealikwa ikulu ya Wakanda.

Kuna mfanano mwingine, na huu hauchekeshi. Wakanda ni tajiri kwa sababu ya madini yaliyo chini ya ardhi, vibranium, na wenyewe ndio wanaoyamiliki. Turkana nayo ina chake chini ya ardhi. Mafuta yalitangazwa kupatikana eneo la Lokichar mnamo 2012. Juni 2018, miezi michache tu baada ya Black Panther kutoka, malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaling'oa nanga kuelekea Mombasa, na mwezi huo huo wakazi wakayazuia barabarani wakilalamikia utovu wa usalama. Katika muvi, Okoye na kikosi chake wangelimaliza suala hilo kwa dakika tano. Huku kwetu mjadala wa nani atafaidika na mafuta hayo haujaisha.

Kwa ufupi, Turkana imechangia ziwa lake na urembo wake. Steringi bado alitoka kwingine.

Kibanda, lori na sauti ya DJ Afro

Muvi hufikaje huku? Usifikirie ukumbi wenye viti laini na harufu ya bisi. Kwa vijana wengi wa miji midogo ya Kenya, sinema ni kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao na runinga moja iliyofungwa juu ili kila mtu aione. Stima ikipotea, jenereta inanguruma. Unalipa sarafu zako mlangoni na kubanana.

Na ndani ya kibanda, sauti kubwa kuliko zote huenda ni ya DJ Afro. Anaongea juu ya sauti ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani, anawabatiza wahusika majina ya jirani zako, na kumpa mbaya wa muvi makosa ambayo mwelekezi hakuwahi kuyawaza. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Watu wa filamu huwacheka wasimulizi hawa, lakini wamefanya kazi ambayo Hollywood haikufanya. Wamemfanya shujaa wa mbali aongee kama mtu wa hapa.

Kakuma ina historia yake ya sinema. Kambi ilianzishwa 1992, wakati maelfu ya wavulana kutoka Sudan walipowasili baada ya kutembea safari ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuitembea. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengine. Mwaka wa 2001 shirika la FilmAid lilianza kazi hapo. Jioni, jua la Turkana likipunguza hasira, skrini kubwa ilisimamishwa uwanjani na watu wakaketi chini. Zilionyeshwa filamu za kuburudisha, na zilionyeshwa pia za kuelimisha kuhusu afya na haki za watoto. Baadaye shirika hilo likafanya jambo lingine muhimu zaidi. Liliwafundisha vijana wa kambini kushika kamera, kuandika hadithi na kuhariri.

Jambo hilo la mwisho liweke akilini, tutalirudia.

Maana kambi hii imesimuliwa sana na watu wa nje. Wengine wameandika, tena kwa kujiamini, kwamba jina 'Kakuma' ni neno la Kiswahili lenye maana ya 'mahali pasipojulikana'. Wewe unayesoma makala haya kwa Kiswahili, je, umewahi kulisikia? Ndivyo inavyokuwa hadithi yako ikisimuliwa na mgeni aliyepita siku mbili.

Siku Lara Croft alipofika Kakuma

Kuna steringi mmoja wa kike aliyefika Kakuma kwa miguu yake. Mwaka wa 2001 Angelina Jolie alicheza Lara Croft katika Tomb Raider, yule dada wa bastola mbili na nywele za kusuka anayeruka kutoka ukuta hadi ukuta. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Cambodia, na huko ndiko alikoanza kufuatilia maisha ya wakimbizi. Mwaka huo huo akateuliwa balozi mwema wa UNHCR.

Oktoba 2002 akatembelea Kakuma. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya pili ya Lara Croft, The Cradle of Life, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa hapa Kenya. Ndani yake Lara anakuja Afrika kutafuta mahali ambapo uhai ulianzia. Kinachofurahisha ni kwamba filamu inampeleka upande wa Kilimanjaro. Angeuliza wanasayansi wangemwambia apande kaskazini hadi Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, ambako Kamoya Kimeu, Mkenya, aligundua mwaka wa 1984 mabaki ya yule kijana wa kale anayejulikana duniani kama Turkana Boy. Ana umri wa takriban miaka milioni 1.5.

Lakini alichokiacha Jolie Kakuma si picha za kumbukumbu peke yake. Alitoa pesa, ikajengwa shule ya msingi ya bweni ya wasichana, ikapewa jina lake.

Kwa nini bweni? Mtu wa Nairobi anaweza kudhani ni anasa. Kwa msichana wa kambini ni kinyume. Akilala nyumbani, kabla ya darasa kuna foleni ya maji, kuni, kuchunga wadogo zake, kupika. Jioni vilevile. Na katika familia nyingine kuna mjomba aliyeanza kuhesabu ng'ombe. Bweni linamwondoa kwenye orodha hiyo yote na kumpa saa za kusoma na kitanda. Lara Croft kwenye skrini aliokoa dunia nzima kwa saa mbili, tukatoka tukaenda kulala. Shule ilibaki pale asubuhi.

Nawi wawili

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Kama umetazama The Woman King, unamkumbuka Nawi, msichana aliyechezwa na Thuso Mbedu wa Afrika Kusini. Babake anataka kumwoza mzee mwenye mali. Mzee anampiga mbele ya watu, Nawi anamsukuma, na babake, kwa hasira na aibu, anampeleka hadi kwenye lango la ikulu ya Dahomey na kumwacha hapo. Ndani ya ikulu wako Agojie, wanawake wanajeshi waliokuwepo kweli katika ufalme huo, ambao leo ni sehemu ya nchi ya Benin. Wanampokea. Wanamfundisha. Anakuwa shujaa.

Miaka miwili baadaye, 2024, ikatoka filamu ya Kenya iliyopigwa Turkana. Msichana mkuu ana umri wa miaka 13. Ana akili darasani kuliko wengi, anafaulu mtihani wake wa mwisho wa shule ya msingi na anataka kwenda sekondari. Babake naye amekubali kumwoza mwanamume asiyemjua, kwa mahari ya kondoo, mbuzi na ngamia. Jina la msichana huyo, na la filamu, ni Nawi.

Ndiyo. Nawi na Nawi, tena wakiwa na kisa kinachoanza vilevile: baba, mzee, mahari, na msichana anayekataa.

Nawi wa Turkana alichezwa na Michelle Lemuya Ikeny, msichana wa huko huko ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi. Hadithi ilitoka kwa Milcah Cherotich, Mkenya aliyeshinda shindano la uandishi. Waelekezi walikuwa wanne, wakiwemo Wakenya Vallentine Chelluget na Apuu Mourine. Miongoni mwa waliosaidia kuitengeneza ni Learning Lions, mradi unaowafundisha vijana wa Turkana kazi za kompyuta na video, wenye kampasi kando ya ziwa iliyochorwa na msanifu majengo Francis Kéré kwa kuiga vichuguu vya mchwa. Kenya ikaichagua filamu hiyo kuiwakilisha katika mbio za Oscar.

Sitakumalizia uhondo. Ila tofauti moja kati ya filamu hizi mbili lazima niitaje. Nawi wa Dahomey alipofukuzwa nyumbani, kulikuwa na lango la kugonga, na nyuma ya lango kulikuwa na wanawake waliojua la kumfanyia. Nawi wa Turkana anapotoroka, mbele yake kuna jangwa, barabara na jua. Hana mkuki wala ngao, na hakuna jeshi linalomngoja. Anachotaka ni kuingia kidato cha kwanza.

Hapo ndipo niligundua kwamba tumekuwa tukizitazama muvi hizi vibaya.

Sehemu tunayoiruka

Mwulize shabiki yeyote sehemu anayoipenda ya Wonder Woman. Atakutajia vita vya mahandaki. Ya Black Panther? Okoye juu ya gari kule Busan, wigi likitupwa usoni mwa adui. Ya The Woman King? Shambulio la usiku. Ni sehemu kali, sikatai.

Lakini rudi mwanzo. Diana hakuamka siku moja akiwa Wonder Woman. Mamake, malkia, alikataa asifundishwe kupigana. Shangazi yake Antiope akamfundisha kwa siri, mwaka baada ya mwaka. Nawi wa Dahomey alipitia kozi ya kuruka miiba hadi damu ikatoka. Okoye na wenzake hawana nguvu za miujiza hata kidogo. Mfalme wao ndiye anayekunywa ile dawa ya maua. Walinzi wana mikuki, nidhamu na wenzao kando yao.

Katika kila muvi ya aina hii kuna dakika kumi za mazoezi, na hizo ndizo dakika ambazo kibandani watu huchukua nafasi ya kutoka nje kununua njugu. Mimi pia hutoka. Bila dakika hizo hakuna shujaa. Kuna msichana tu, na mzee, na mahari.

Ukitaka kuliona jambo hili likitokea katika maisha halisi, mtazame Rose Nathike Lokonyen. Alifika Kakuma akiwa mtoto, familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini. Siku moja shuleni, mwalimu akamwambia ajiunge na mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi. Akamaliza wa pili. Baadaye alichaguliwa kujiunga na kambi ya Tegla Loroupe huko Ngong. Tegla mwenyewe ni binti wa Pokot Magharibi, jirani wa Turkana, na mwaka wa 1994 alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kushinda New York Marathon.

Mwaka wa 2016, Rio, dunia iliona timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Wanariadha walikuwa kumi, na watano kati yao walitoka Kakuma. Aliyebeba bendera mbele ya timu ni Rose. Anjelina Nadai Lohalith, naye wa Kakuma, alikimbia mita 1,500.

Rose hakurudi na medali. Alikimbia mita 800 na kutolewa hatua ya mchujo. Katika muvi angeshinda, muziki ukipanda na mwendo ukipunguzwa. Lakini hebu hesabu waliomfikisha pale: mwalimu mmoja aliyesema 'kimbia', mashindano ya kuchagua vijana, kambi ya mazoezi, kocha, viatu. Toa kimoja tu kwenye orodha hiyo na hatungelijua jina lake.

Shujaa mzee wa Tarach

Kuna mtu atasema mambo haya ya wanawake mashujaa ni ya kuletwa. Huyo hajawahi kumsikia Nayece.

Waturkana na ndugu zao Wajie wa Karamoja, Uganda, wanamsimulia hadi leo. Simulizi zina matoleo tofauti, lakini uti wake ni huu: fahali mmoja alipotea kutoka nchi ya Wajie, akashuka upande wa mashariki hadi mabonde ya mto Tarach. Vijana waliotumwa kumtafuta walipofuata nyayo zake, walimkuta akiwa na mwanamke. Ni Nayece, ambaye alikuwa huko akikusanya matunda ya mwitu na kuishi mahali ambapo wao hawakuwahi kudhani mtu anaweza kuishi. Akawaonyesha nchi ilivyo na inavyolisha. Vijana wakarudi kwao, wakawachukua wenzao na mifugo, na hivyo ndivyo taifa la Waturkana lilivyoanza. Kuna kilima kinachoitwa kwa jina lake, Moru Anayece.

Tarach ni mto ule ule unaopita Kakuma. Wakati mwingi ni laga kavu, mchanga mtupu ambao watu huuchimba kutafuta maji. Mvua ikinyesha milimani unafurika bila kubisha hodi. Wanaoishi kando yake leo, wenyeji na wakimbizi, wanatembea kwenye nchi ambayo simulizi inasema ilifunguliwa na mwanamke.

Angalia silaha yake. Hana panga wala vibranium. Anajua tunda gani linalika, maji yako wapi, na mnyama aliyepotea anafugwaje. Maarifa hayo yanafanana na yale ambayo Wanuri Kahiu alimpa shujaa wake Asha katika Pumzi, filamu fupi ya 2009. Dunia ya Asha imekauka baada ya vita vya maji, naye anatoroka mji wa chini ya ardhi akiwa na mche mmoja, anaunywesha kwa jasho lake. Yanafanana pia na moyo wa Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya 2018, ambamo Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua bila tumaini la kupona, anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaungana kumfanyia muvi ya maisha yake.

Wakenya tukitengeneza mashujaa wa kike, hawapigi watu sana. Wanavumilia, wanapanda mti, wanakimbia kwenda shule. Zamani nilidhani ni kwa sababu hatuna bajeti ya kulipua magari. Sasa naona waandishi wetu wanaijua vita halisi ilipo.

Lango liko wazi?

Na vita hiyo imekuwa ngumu. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa wingi. Mwaka wa 2025 mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa vikali kwa sababu fedha za wafadhili zilikauka. Njaa ikiingia nyumbani, mahari huanza kuonekana kama suluhisho, na mzazi ambaye jana alikuwa akisema 'soma binti yangu' leo anakwepa macho yake. Sitaki kumchora baba kama mbaya wa muvi. Mara nyingi ni mtu aliyepoteza mifugo yake yote na ana midomo saba ya kulisha.

Sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema hakuna ndoa chini ya miaka 18, na haisemi 'isipokuwa Turkana'. Lakini sheria bila bweni ni kama ngao bila mkono wa kuishika. Wafadhili wakipunguza pesa, vinavyokatwa mapema mara nyingi ni vile vinavyoonekana si vya dharura: nafasi za bweni, timu ya mbio, darasa la kamera. Ni zile dakika kumi za mazoezi. Tukizikata, tusishangae miaka kumi ijayo tukikosa Rose mwingine, au Michelle mwingine wa kuuigiza ukweli wa kwao mbele ya dunia.

Kwetu sisi tulio Nairobi, Mombasa, Eldoret na mitandaoni, kuna mambo tunayoweza kufanya bila kungoja Hollywood. Tazama Nawi, na ulipie. Tazama Supa Modo na wadogo zako. Kama unatengeneza video, tafuta wenzako wa Lodwar na Kakuma mshirikiane, wao washike kamera na wewe ubebe taa. Kama una kibanda, weka muvi ya dada mara moja kwa wiki uone kama benchi zitabaki tupu. Hazitabaki.

Jambo la mwisho kuhusu Nakia, yule jasusi wa Lupita. Katika Wakanda Forever ya 2022 tunamkuta ameondoka ikulu, yuko Haiti. Anafanya nini? Anaendesha shule. Watu wengi kwenye ukumbi hawakulishangaa hilo, walikuwa wakingoja apigane tena. Lakini huyo ni shujaa aliyeliona pigano lote, kisha akaamua kwenda kusimama kwenye lango ili msichana akigonga apate mtu.

Na wewe ukimjua msichana anayepangiwa ndoa kabla ya wakati wake, awe Kalobeyei, Lokichar au hapo mtaani kwenu, piga 116. Ni nambari ya kuwasaidia watoto, inafanya kazi usiku na mchana, na hulipi hata shilingi.